Besi anachapa chambo juu ya maji lakini hanasi: ninunue kipi?

"Ninaishi Nakuru, na wikendi nyingi hukodi boti Ziwa Naivasha kuvua besi kwa fimbo. Niliagiza mtandaoni seti ya vyambo bandia vya kuelea, rangi kumi tofauti. Huwa naanza saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mara kadhaa samaki amerusha maji nyuma ya chambo, nakwanyua papo hapo, sipati kitu. Fimbo yangu ni ya mita 2.1, imeandikwa vyambo vya gramu 5 hadi 20, na mshipi ni florokaboni ya kuhimili kilo 4.5. Sasa nina pesa za vyambo vitatu vizuri. Ninunue vipi, na rangi gani? Video za Wamarekani zinasema nisubiri maji yapate joto. Ni kweli?"

Ndugu yangu, besi anayerusha maji nyuma ya chambo amekwisha kukiona, amekifuata na ameamua kukila. Kwa hiyo usidhani umekosa mahali wala umekosa rangi. Kinachokuangusha umekitaja mwenyewe kwenye swali: saa unazovua, mshipi uliofunga, na mkono unaokwanyua mapema. Chambo chenyewe ni la nne. Nitakutajia vitatu vya kununua, ila ukivifunga kwenye florokaboni hiyo hiyo na kuvirusha saa sita mchana, malalamiko yako hayatabadilika.

Nianze na hizo video. Samaki ni yule yule: besi wa Naivasha asili yake ni Marekani, na aliletwa ziwani mwaka 1929. Tofauti ni kwamba huko kwao maji huwa baridi kabisa kipupwe kinapoingia, samaki akapoa, na ndiyo maana wanashauriwa kungoja joto ndipo watumie chambo cha juu. Naivasha haina kipupwe cha namna hiyo. Maji yake kwa kawaida hukaa kati ya nyuzi 20 na 25 mwaka mzima, joto ambalo besi yuko tayari kupanda juu wakati wowote. Usingoje mwezi. Angalia mwanga na upepo.

Kwenye ikweta jua halibembelezi. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa mbili mwanga umeshakuwa mkali na besi amerudi kwenye kivuli cha mafunjo au amezama kidogo. Saa zako nzuri ni kuanzia mwanga wa kwanza hadi kama saa mbili asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na moja jioni ikiwa upepo umetulia. Naivasha mara nyingi huamka shwari, upepo ukaanza kupanda mchana, na kufikia alasiri kuna mawimbi mafupi ya kukera. Saa nne hadi saa tisa umejichagulia jua kali kwanza, halafu upepo. Siku ya mawingu mazito bila upepo ni habari nyingine. Siku hiyo vua juu hata saa tano.

Sasa, kwa nini samaki anakosea? Ukielewa hili, uchaguzi wa chambo utakuwa rahisi.

Samaki akitazama juu, haoni uso wote wa maji kama sisi tunavyoona kioo cha dirisha. Mwanga unapinda ukiingia majini, hivyo anaona ya nje kupitia duara tu lililo juu ya kichwa chake. Akiwa kina cha mita moja, upana wa duara hilo ni kama mita 2.3. Nje ya hapo, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi tope na magugu ya chini. Chambo kilicho nje ya duara hukiona sehemu iliyozama tu: tumbo, mkia, ndoana. Halafu maji ya Naivasha yana mwani na tope, kwa hiyo hata hicho hakioni kwa mbali. Kinachomwita kwanza ni mtikisiko, anaousikia kwa mstari wa vitundu vya hisia uliopita ubavuni mwake. Anasogea kwa kufuata mtikisiko, kisha hatua ya mwisho anaikamilisha kwa macho. Chambo kikiwa kimeshahama pale alipokitarajia, anachapa maji matupu.

Kuna na la pili. Besi hamng'ati windo lake kama mbwa. Hufungua kinywa ghafla, akatanua mashavu, na maji yakaingia kwa kasi yakiwa yamebeba windo. Chambo kinachokaa juu juu, kimelala bapa kama kijiti, anavuta hewa nyingi na maji kidogo, na chambo kinasukumwa pembeni badala ya kuingia kinywani. Kinachokaa na mkia umezama huingia. Kwa sababu hiyo, kabla ya rangi na kabla ya sura, tazama namna chambo kinavyotulia majini.

Jaribu nyumbani kwenye beseni hiyo seti uliyonayo. Weka kimoja kimoja uache kitulie. Kizuri kitainamisha mkia, kichwa kikabaki juu, na ndoana ya nyuma itaning'inia wima. Kikilala bapa, au kikiegemea ubavu mmoja, kiweke kando. Kisha kibonyeze ndani ya maji ya uvuguvugu: vipovu vinavyofuatana kwenye mstari wa maungio vinamaanisha kuna ufa, na baada ya dakika ishirini ziwani kitakuwa chambo cha kuzama. Maliza na ndoana. Buruta ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza. Kali hukwama, butu huteleza. Seti za bei rahisi huja na ndoana laini ambazo hufunguka kwa samaki wa kilo moja, na pete zinazoachia. Ukibadilisha ndoana weka saizi ile ile, maana nzito zaidi hukivuruga chambo, kikaacha kucheza.

Tuje kwenye manunuzi. Kigezo changu ni hiki: kwanza nini kiko majini pale unaporusha, pili uso wa maji umetulia kiasi gani, mwisho kabisa rangi.

Cha kwanza nunua popa, yaani chambo chenye mdomo uliochimbwa kama kikombe, urefu wa sentimita 6 hadi 7, uzito wa gramu 8 hadi 10. Chagua chenye nyoya au manyoya kwenye ndoana ya nyuma, kwa sababu hata kikitulia manyoya yanaendelea kupumua. Popa ni chambo cha mahali padogo. Tangu maji ya Naivasha yalipopanda, hasa kuanzia 2020, pembezoni kuna migunga iliyokufa imesimama majini, na besi hukaa kwenye kivuli cha shina. Rusha popa ipite shina kwa mita moja, usiiangushe juu ya kichwa chake. Iache. Viduara vya maji vipotee kabisa. Kisha shusha ncha ya fimbo, uikwatue kidogo, chambo kisogee kama sentimita 10 na kutoa "blup" moja yenye povu. Acha tena. Wengi hukosea hapa: wanapiga blup, blup, blup mfululizo kama wanaendesha pikipiki, na samaki anabaki nyuma akifukuza. Besi mara nyingi huchapa chambo kikiwa kimetulia. Kwa maji shwari, hesabu hadi tano kati ya mikwatuo. Ukiona wanafuata na kugeuka, hesabu hadi kumi.

Cha pili ni kile cha kutembea, kilicho umbo la sigara bila mdomo wala kasia, sentimita 9 hadi 10, gramu 11 hadi 14. Wazee wa mchezo huu wanakijua kupitia Zara Spook ya kampuni ya Heddon, ambayo imevuliwa kwa miongo mingi na bado iko madukani. Hicho hutafuta samaki kwenye eneo kubwa: ukingo mrefu wa mafunjo, au mdomo wa ghuba. Kinakwenda kushoto kisha kulia kwa zamu, na siri yake ni mshipi uliolegea. Elekeza fimbo chini, kwatua, kisha papo hapo rudisha ncha kuelekea chambo ili mshipi ulegee kabla ya mkwatuo unaofuata. Ukiuacha umekaza, kitakuja moja kwa moja kama kijiti kinachoburutwa. Kifunge kwa fundo la kitanzi au kwenye pete, kamwe si kwa fundo lililobana pua, vinginevyo hakigeuki. Hiki huchukua muda mkono kukizoea. Jizoeze kwenye maji ya wazi ambako hakuna samaki wa kukutia haraka.

Cha tatu nilitarajia ungeuliza chura wa mpira, kwa kuwa Naivasha ina magugu maji mengi na kila video inamsifu. Nakushauri umwache kwa sasa. Chura huyo ana ndoana mbili kubwa zinazotazama juu, zimebana mgongoni ili zisishike majani, na hapo ndipo penye gharama: ili zizame kwenye kinywa lazima ukwanyue kwa nguvu kubwa, kisha umtoe samaki pamoja na kilo kadhaa za magugu. Kazi hiyo inataka fimbo ngumu na uzi wa kusuka wa kilo 23 au zaidi. Fimbo yako ya gramu 5 hadi 20 itapinda tu, samaki atazama kwenye mizizi, na utakata mshipi ukimwachia ndoana mdomoni. Siku utakapopata fimbo nzito, nunua chura ambaye ukimbana kwa vidole viwili anabonyea bila ubishi na ndoana zinajitokeza. Akiwa mgumu vidoleni atakuwa mgumu kinywani pia.

Badala yake chukua chambo cha waya chenye rafadha, cha gramu 10. Kina ndoana moja, sketi ya nyuzi za mpira, na rafadha inayopiga kelele ya kububujika juu ya maji. Kwa hali ya Naivasha nakipa alama nyingi kuliko wavuvi wengi wanavyokipa. Maji yenye tope yanahitaji sauti, na ndoana moja inayotazama juu hupita kwenye majani machache bila kukamata. Upepo ukianza kuvunja uso wa maji, ambapo popa huzimwa na mawimbi, hiki bado kinasikika. Ubaya wake ni kwamba kinazama usipokivuta, kwa hiyo anza kuzungusha rili, yaani gurudumu la kukunja mshipi, kabla hakijagusa maji. Kivute polepole kadiri inavyowezekana bila rafadha kuzama. Samaki wakikosea kukinasa, ongeza ndoana ya pili nyuma ya ile kubwa, iliyovalishwa kipande cha mpira ili isichomoke.

Kwa vyambo vya kutulia, kanuni ni hii: maji yakiwa kioo, dogo na la polepole; yakiwa na viwimbi, kubwa na la kelele. Mawimbi yakianza kuonyesha povu jeupe, acha kabisa habari ya juu.

Rangi sasa, maana najua unaisubiri. Mgongo wa chambo umechorwa kwa ajili yako wewe uliye dukani. Samaki anaona tumbo, tena likiwa mbele ya anga. Alfajiri, jioni na kwenye maji ya tope, tumbo jeusi ndilo linaloonekana wazi zaidi, kwa sababu linakata mwanga. Jua likitoka na maji yakawa na uangavu, chukua tumbo jeupe au la fedha, linalofanana na tilapia wadogo. Nunua popa nyeupe, cha kutembea chenye rangi ya fedha, na cha rafadha cheusi. Umemaliza. Pesa ya rangi nyingine saba inunue uzi.

Naam, uzi. Florokaboni ni nzito karibu mara 1.8 kuliko maji, hivyo inazama. Kati ya fimbo na chambo panajengeka tumbo la mshipi chini ya maji, na kila ukikwatua unakivuta chambo pua chini badala ya kukirusha pembeni. Popa inameza maji, cha kutembea kinapiga mbizi. Florokaboni ni nzuri kwa vyambo vya chini, wala usiitupe, ila iondoe hapa. Weka uzi wa kusuka wa kilo 7 hadi 9, ambao unaelea na haunyumbuki. Mbele yake funga nusu mita ya nailoni ya milimita 0.35, kwa sababu uzi wa kusuka ni mlaini mno na hujizungusha kwenye ndoana ya mbele kila chambo kikitulia. Nailoni ina ugumu wa kutosha kukaa mbali na ndoana, na uzito wake umezidi wa maji kidogo tu. Kama hutaki gharama ya uzi wa kusuka, jaza rili nailoni tupu ya milimita 0.30 na uvue. Itanyumbuka kidogo ukikwanyua kwa mbali, lakini itafanya kazi. Kwa vyovyote, kabla ya kurusha vuta mshipi kwa mkono uone breki ya rili inaachia kabla fundo halijalia.

Sasa huo mkono wako. Unakwanyua kwa kuona maji yakiruka, na wakati huo samaki bado hajafunga kinywa. Unampokonya. Ukiona mlipuko, usifanye kitu hadi uhisi uzito kwenye fimbo. Mshipi ukianza kwenda pembeni ndipo uzungushe rili kuondoa ulegevu na kuvuta fimbo kwa upande, kwa mkazo, si kwa kishindo. Ndoana zenye kulabu tatu ni nyembamba na kali, hazihitaji nguvu zote za bega. Kwa chambo cha rafadha endelea kuzungusha rili kama hukuona chochote, mpaka fimbo ipinde. Ni vigumu, najua. Njia moja ya kujifunza ni kutazama kitu kando ya chambo, badala ya chambo chenyewe.

Akikosa kabisa, usikivute chambo kurudi botini. Kiache pale pale, hesabu hadi kumi, kitikise tu bila kukisogeza. Asiporudi, rusha mahali hapo mnyoo wa mpira usio na chubwi ukiwa kwenye fimbo ya pili, uuache uzame taratibu. Hapo florokaboni yako inapata kazi.

Nikuambie pia pale ambapo chambo cha juu si jibu. Kamba wekundu kutoka Marekani waliingizwa Naivasha mwaka 1970, na besi wanawapenda sana. Ukimpasua samaki ukamkuta amejaa magamba mekundu, huyo alikuwa akila chini, na kelele zako za juu huenda zisimguse. Hali kadhalika mchana wa jua kali. Ukilazimika kuvua saa zako za sasa, vua chini kwa mnyoo au chambo cha kuiga kamba, na chambo cha juu ukitoe tu kwenye vivuli virefu vya mafunjo na ukingoni mwa magugu yaliyosukumwa na upepo. Kumbuka magugu hayo husafiri: ukingo uliokupa samaki jana, leo unaweza kuwa ng'ambo ya ghuba.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Saa nilizokushauri ni saa za viboko pia. Alfajiri wanarudi majini kutoka malishoni, jioni wanatoka. Usivue ukiwa umesimama ufukweni penye mafunjo saa hizo, wala usiingie majini hata kufungua chambo kilichonasa. Nenda na nahodha anayelijua ziwa, uvae jaketi la kuokoa maisha, na akisema kona fulani haifai leo, usimbishie. Muulize pia zilipo nyavu za wavuvi. Ndoana za kulabu tatu zikiingia kwenye wavu wa mtu umemharibia riziki. Leseni yako, na kama ziwa limefunguliwa kwa uvuvi kipindi hicho, uthibitishe kwenye ofisi ya uvuvi kabla ya kukodi boti.

Kwa upande wa mkono, kama baada ya hayo yote chambo cha kutembea bado kinakushinda, asubuhi moja na mwongoza wavuvi aliyekaa kando yako itakufaa kuliko video. Mwombe atazame mshipi wako, si chambo. Kosa karibu kila mara liko kwenye ulegevu.

Beba koleo yenye pua ndefu na kikata waya. Besi akiwa na ndoana ya kulabu tatu hurusha kichwa, na kulabu zilizo huru hutafuta vidole. Mshike kwa mdomo wa chini baada ya kuona ndoana zote zilipo, au mwache kwenye wavu wa mkono umfungue humo. Ndoana ikikuingia na kinundu chake, kile kijino kilicho nyuma ya ncha, kikapita ngozi, kata kwanza pete inayoiunganisha na chambo ili isikuvute, usiichomoe kwa nguvu, na nenda kituo cha afya. Huko wataitoa kwa ganzi na kuangalia kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi. Ikiwa ni jichoni au karibu nalo, usiiguse kabisa. Funika jicho kwa kitu kisichoikandamiza, kama kikombe cha karatasi, na uende hospitali moja kwa moja. Miwani ya jua, hata ile ya bei ya kawaida, huzuia hilo, na boti yenye warushaji wawili isiondoke bila hiyo.